Jina la Uria Katika Orodha ya Mashujaa



Barabara itokayo Entebbe huingia mjini Kampala kwa kupita Kibuye na Katwe, kisha hufika kwenye Mnara wa Saa. Ni barabara ya wachuuzi na mafundi. Mchana kutwa pale Katwe husikika nyundo. Hutengenezwa mageti, majiko, masufuria na vipuri vya mashine za kusaga, na wenyeji wa Kampala husema kwa nusu ya mzaha kwamba hakuna chombo cha chuma kinachomshinda fundi wa Katwe. Lakini barabara hiyo hiyo ni barabara ya majeshi pia. Upande mmoja iko Lubiri ya Mengo, makao ya Kabaka, yaliyoshambuliwa na jeshi tarehe 24 Mei 1966 na baadaye kugeuzwa kambi. Upande wa pili, vilimani, iko Nsambya yenye kambi kubwa ya polisi, na Makindye yenye kambi ya polisi wa jeshi. Mtoto wa Katwe hukua akiyajua mavazi ya askari kama anavyoyajua makaa ya mhunzi.

Kwa hiyo, anayetaka kunena habari za askari waliokufa kazini, na heshima wanayostahili kwa mtazamo wa imani ya Kikristo, atapaona Katwe kuwa mahali pagumu. Na kwa sababu hiyo hiyo ndipo mahali panapofaa. Katika mji mwingine huenda ikatosha kupiga tarumbeta, kuweka shada la maua na kwenda zake. Katwe haitoshi. Watu wazima wa pale wanayo kumbukumbu mbili za sare. Wanamkumbuka askari aliyewaokoa, na wanamkumbuka askari aliyevunja mlango usiku. Lugha hii ya Kiswahili, ambayo tangu zama za K.A.R. ndiyo lugha ya kambini, kwa miaka mingi ilisikika masikioni mwa raia wengi wa Kampala kuwa lugha ya amri gizani na ya mkono unaodai fedha. Maneno "panda gari" ya miaka ya themanini hayahitaji kufasiriwa kwa mzee yeyote wa mtaa ule. Na siku ya Jumapili, makanisani, mjane wa askari na mjane wa raia aliyeuawa na askari wanaweza kuketi benchi moja wakiitika sala moja. Mhubiri atasema nini mbele ya wawili hao?

Wahubiri wengi hukimbilia aya moja ya Injili ya Yohana, sura ya 15, inayonena juu ya mtu atoaye uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Aya hiyo ilichongwa kwenye minara mingi ya vita huko Uingereza baada ya mwaka 1918, na tangu hapo imekuwa desturi kuisoma kila panapokuwa na jeneza lililofunikwa bendera. Si kosa kuisoma. Kosa ni kuisoma upesi mno. Bwana Yesu aliyanena maneno hayo usiku wa kuamkia kifo chake mwenyewe, na saa chache baadaye alimwamuru Petro aurudishe upanga alani. Anayeyasoma juu ya kaburi la askari yampasa asisahau tofauti hiyo. Kanisa halikufundisha kwamba kufa katika sare ni badala ya toba, wala kwamba risasi ya adui huyafuta yote aliyoyatenda marehemu.

Waganda, kwa hakika, wana sababu ya kuielewa tofauti hii kuliko watu wengi. Miongoni mwa wale waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga alikuwamo Nuwa Walukagga, mhunzi wa Kabaka, mtu wa kazi ile ile ya nyundo na moto inayofanywa Katwe hata leo. Huyo alikuwa shahidi. Hakushika silaha, hakumpiga mtu, alichagua kufa kuliko kuikana imani. Askari ni mtu mwingine. Yeye hushika silaha, huenda ameua kabla ya kuuawa, na hufa akiwa chini ya amri ambayo pengine hakuipima. Kuwachanganya wawili hao kwa jina moja la shahidi ni kuwapunguzia wote wawili heshima: shahidi hupokonywa upole wake, na askari hupokonywa ugumu wa kazi yake.

Basi, ikiwa askari si shahidi, heshima yake inasimama juu ya nini? Jibu liko katika sehemu ya Biblia isiyosomwa sana makanisani, nayo ni orodha ya mashujaa wa Daudi katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 23. Hakuna ukurasa wa Maandiko unaofanana zaidi na daftari la kikosi. Yamo majina, yametajwa makabila na vijiji vya watu, na mwisho imewekwa jumla: watu thelathini na saba.

Katikati ya orodha hiyo pana kisa ambacho kila afisa angefaa akijue. Daudi alikuwa ngomeni, na Wafilisti walikuwa wameushika mji wa Bethlehemu. Akatamani, kwa maneno ya mtu aliyechoka, maji ya kisima cha kwao. Watu watatu wakasikia, wakapenya katikati ya jeshi la adui, wakateka maji, wakayaleta. Daudi akakataa kuyanywa. Aliyamimina chini mbele za Mungu, akiyahesabu kuwa ni damu ya watu waliohatarisha maisha yao. Hapo pana fundisho zima juu ya sadaka ya askari. Kamanda aliyaona maji, akaona na bei yake, akajua kwamba bei ile ilikuwa kubwa mno kwa kiu ya mtu mmoja. Uhai wa askari si mali ya mkubwa wake. Mkubwa anayewapeleka vijana wafe ili yeye apate sifa, au ili shehena yake ya faragha ipite, amekunywa maji yale.

Daudi mwenyewe, hata hivyo, hakudumu katika fundisho hilo. Na hapa ndipo orodha inapofika mahali pa kutisha. Jina la mwisho kabisa, kabla ya jumla, ni Uria Mhiti. Kila msomaji wa Biblia anamjua. Alikuwa mgeni, si Mwisraeli kwa kuzaliwa, lakini alipoitwa kutoka vitani alikataa kwenda kulala nyumbani kwake wakati wenzake wamelala mahemani mbele ya mji wa Raba. Mfalme alikuwa amemchukua mke wake. Ili kuificha aibu hiyo, mfalme aliandika barua, akampa Uria mwenyewe aichukue hadi kwa jemadari Yoabu. Na barua ile ilikuwa amri ya kumweka mahali pakali pa mapigano, kisha kumwacha peke yake. Uria alikufa kwa mpango wa serikali yake. Taarifa iliyorudi makao makuu ilimhesabu miongoni mwa waliokufa vitani, na mambo yangaliishia hapo. Lakini jina lake halikufutwa. Limebaki katika orodha ya mashujaa, na tena Injili ya Mathayo, ikitaja ukoo wa Yesu, imelitaja jina la Uria kwa ajili ya yule mwanamke aliyekuwa mke wake. Mwandishi wa habari hizo hakumwonea haya mfalme.

Uganda inao akina Uria wake. Baada ya mapinduzi ya tarehe 25 Januari 1971, mamia ya askari, wengi wao Waacholi na Walango, waliuawa makambini na askari wenzao. Mbarara na Jinja ni miongoni mwa mahali palipotajwa sana. Hao walikuwa wamevaa sare ya nchi yao, wamelala katika mabweni ya nchi yao. Wamarekani wawili, mwandishi wa habari Nicholas Stroh na mhadhiri wa Makerere Robert Siedle, walikwenda Mbarara Julai 1971 kuuliza habari za mauaji hayo, nao wakauawa. Jaji David Jeffreys Jones, aliyepewa kazi ya kuchunguza kifo chao, aliitoa taarifa yake akiwa amekwisha kuiacha Uganda. Wale askari hawakuangushwa na adui. Hakuna lango la mji lililotekwa kwa damu yao. Mtu anayepima heshima kwa ushindi hatapata mahali pa kuwaweka. Orodha ya Daudi inapo mahali pao, na ni mahali pa mwisho kabla ya jumla, ambapo msomaji hawezi kuparuka.

Baada ya miaka minane barabara ya Entebbe ilishuhudia jambo jingine. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Tanzania ikajibu. Tarehe 7 Aprili 1979 majeshi ya Tanzania yaliutwaa mji wa Entebbe. Tarehe 10 na 11 yakaingia Kampala pamoja na wapiganaji wa Uganda, na Luteni Kanali David Oyite-Ojok akatangaza kwa Radio Uganda kwamba utawala wa Amin umekwisha. Watu wakajaa barabarani kwa shangwe, na wengine, ni lazima isemwe, wakajaa madukani kupora. Hesabu rasmi ya Tanzania ilitaja askari wake 373 waliokufa katika vita ile, na kati yao 96 tu ndio waliouawa katika mapigano yenyewe.

Hesabu hiyo yafaa itazamwe kwa utulivu. Maana yake ni kwamba askari 277, karibu watatu katika kila wanne, hawakufa kwa namna inayoimbwa katika nyimbo za vita. Vita huua kwa njia nyingi zisizo na fahari: lori linalopinduka katika matope, homa, mlipuko wa silaha ya mtu mwenyewe, maji ya mto. Je, aliyekufa kwa malaria njiani ametoa kidogo kuliko aliyekufa mbele ya bunduki? Alitoa kile kile alichokuwa nacho. Aliondoka kwao kwa amri ile ile, akaacha watoto wale wale, na mama yake alipokea habari moja. Huko Kaboya, wilayani Muleba katika mkoa wa Kagera, ndiko walikozikwa askari wa Tanzania waliokufa katika vita hiyo, na pamesimamishwa mnara mweupe wenye majina yao. Tanzania huwakumbuka mashujaa wake kila tarehe 25 Julai.

Lakini si waliofika Katwe kwa ushindi tu ndio waliokufa. Walikufa askari wa Uganda waliokuwa upande wa Amin, wengine vijana walioandikishwa kwa haraka, na walikufa askari wa Libya waliotumwa na Muammar Gaddafi kumwokoa rafiki yake, vijana waliosafirishwa kwa ndege hadi nchi ambayo wengi wao hawakujua hata iko upande gani. Mkristo afanye nini na wafu wa adui? Hapa tena Daudi anafundisha, na safari hii anafundisha vyema. Sauli alimwinda Daudi miaka mingi ili amwue. Sauli alipokufa juu ya mlima Gilboa, Daudi hakufanya karamu. Alitunga maombolezo, akaagiza wana wa Yuda wafundishwe. Na watu wa Yabesh-Gileadi, ambao Sauli aliwahi kuwaokoa, walitembea usiku kucha, wakaiondoa maiti yake na za wanawe ukutani pa Beth-shani walikokuwa wametundikwa na Wafilisti, wakawazika chini ya mti, wakafunga siku saba. Sauli alikuwa mfalme aliyekosea sana, Maandiko hayamfichi. Lakini mwili wake ulikuwa mwili wa mtu, na kuuzika ulikuwa wajibu. Kumzika adui kwa adabu si kuihalalisha vita yake.

Jambo la majina lataka kusisitizwa, kwa maana historia ya Afrika Mashariki ni historia ya askari wasio na majina. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliwachukua Waafrika kwa maelfu mengi kuwa wapagazi wa jeshi. Jina la mtaa wa Kariakoo huko Dar es Salaam ni mabaki ya jina la kikosi chao cha Carrier Corps. Walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu. Tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti ya Aprili 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hiyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Wakubwa wa zama zile walidhani kwamba Mwafrika hana haja ya jiwe lenye jina lake. Waliofikiri hivyo walikuwa watu waliobatizwa, waliosoma Jumapili habari za Mchungaji awaitaye kondoo wake kila mmoja kwa jina. Wazungu walipewa makaburi. Waafrika wakapewa sanamu moja mjini.

Hata hivyo kumbukumbu ya wafu hutegemea mwenendo wa walio hai, na hapo Katwe inarudi kudai haki yake. Injili ya Luka, sura ya 3, inasimulia kwamba askari walimwendea Yohana Mbatizaji wakamwuliza wafanye nini. Yohana hakuwaamuru waache kazi. Aliwaambia wasimnyang'anye mtu kwa nguvu, wasimsingizie mtu, na watosheke na mishahara yao. (Hapana shaka Yohana hakukusudia kuipa serikali yoyote ruhusa ya kuwalipa askari wake kidogo.) Askari wa polisi anayemdai fedha mama muuza mboga hapo kandokando ya barabara anaharibu jina la konstebo mwenzake aliyepigwa risasi akiwafukuza majambazi. Raia hamtenganishi mmoja na mwingine. Yeye huiona sare tu. Mhubiri wa Katwe akitaka yule mjane wa raia aweze kusema "amina" katika ibada ya kumwombea askari, hana budi kwanza kukitaja wazi kifo cha mumewe, wala asikipitie kimyakimya kana kwamba hakikutokea.

Askari wa Uganda wanaendelea kufa mbali na kwao. Uganda ilikuwa ya kwanza kupeleka majeshi Somalia chini ya Umoja wa Afrika, mwezi wa Machi 2007. Tarehe 26 Mei 2023 kambi yao ya Buulo Mareer ilishambuliwa na Al-Shabaab, na Rais Yoweri Museveni alitangaza idadi ya waliokufa, watu 54, tarehe 3 Juni, siku ile ile ya kuwakumbuka mashahidi wa Namugongo. Miongoni mwa wanaokufa huko wamo Waislamu pia, ambao huzikwa kwa sala zao, na bendera inayowafunika ni moja.

Majeneza yakishazikwa, wageni hutawanyika. Ndipo huanza kazi isiyo na tarumbeta. Mjane hutakiwa kuleta cheti cha ndoa, barua ya serikali ya mtaa, vyeti vya watoto, hati ya usimamizi wa mirathi. Nyumba ya kambini hutakiwa. Huenda akatokea mke wa pili asiyejulikana, au shemeji anayedai kuwa yeye ndiye mwenye haki ya kiinua mgongo. Marehemu alipoandikishwa alijaza jina la mtu wa karibu wa kuarifiwa; alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, akaandika jina la baba yake, na hakulibadili alipooa. Kosa hilo dogo la kalamu limewapotezea watoto wengi karo ya shule. Askari anayesikiliza mazungumzo haya anaweza kwenda kesho kwa karani wa kikosi chake akaomba kuliona jalada lake.

Karani huyo asiidharau kazi yake. Kanisa la kwanza huko Yerusalemu lilipata mgogoro wake wa mapema juu ya jambo kama hilo: wajane wa watu wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawanyo wa kila siku, wakati wajane wa wenyeji wakipata. Mitume hawakusema kwamba hayo ni mambo ya ofisini yasiyohusu imani. Waliwaita watu wote, wakaagiza wachaguliwe wanaume saba wenye sifa njema wa kuisimamia kazi hiyo, wakaomba, wakawawekea mikono. Kitabu cha Matendo, sura ya 6, kimeyataja majina ya makarani hao wote saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao wa Antiokia.